Uchafu, sumaku na namba 25,812.807

Leo msimbo nauweka kando. Hakuna PHP, hakuna hifadhidata, hakuna malalamiko kuhusu kasi ya mtandao. Nataka tuongee kuhusu sumaku, na hasa jambo moja ambalo limenikaa kichwani kwa miaka kadhaa: kwamba uga wa sumaku, ule ule mmoja, unaweza kuua hali ya ajabu ndani ya waya, halafu ukazaa hali nyingine ya ajabu zaidi katika tabaka jembamba la elektroni, na kwamba katika visa vyote viwili kinachookoa mambo ni uchafu. Ndiyo, uchafu. Kasoro. Vile vitu ambavyo sisi waandishi wa programu tunalipwa kuviondoa.

Waya wa kawaida, hata ule wa shaba nzuri, hula stima. Elektroni zinapopita humo hugongana na atomi zinazotetemeka na kasoro zilizomo, na kila mgongano ni joto. Ndiyo maana chaja ya simu yako hupata uvuguvugu. Mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes na wenzake walipoza zebaki mpaka kelvini 4.2, yaani takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sufuri, na ukinzani ukatoweka. Sisemi ulipungua. Ulitoweka ghafla, kama mtu aliyekata simu. Kitu kinachofanya hivyo ndicho nitakachokiita supakondakta.

Onnes hakuwa mtu wa kupata ugunduzi akakaa nao bila kuutafutia kazi. Mwaka 1913, akiwa Chicago, alieleza ndoto yake: koili ya waya usio na ukinzani, mkondo mkubwa bila joto lolote, na uga wa tesla 10. Kwa kulinganisha, uga wa dunia hapa Nairobi ni kama mikrotesla 33 tu. Mwaka huo huo alipewa Nobel, lakini ndoto ile haikutimia mikononi mwake. Risasi na bati alizotumia zilirudi kuwa metali za kawaida mara tu uga ulipopita sehemu ndogo ya tesla. Risasi, hata uipoze vipi, haivumilii zaidi ya takriban tesla 0.08. Yaani koili inatengeneza uga, halafu uga huo huo unaiua koili. Ukitaka kuandika kichekesho kuhusu uhandisi, anzia hapo.

Kwa nini uga uue? Jibu la kwanza zuri lilitoka Berlin mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walipogundua kwamba supakondakta haipitishi stima bure tu, bali pia inaufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Kufukuza huko kuna gharama ya nishati. Fikiria mtu mwenye shamba anayelipa askari wazuie mifugo ya jirani isiingie. Ng'ombe wakiwa watatu, askari mmoja anatosha. Wakiwa elfu, malipo ya askari yanazidi thamani ya mahindi, na mwenye shamba mwenye akili atafungua lango. Faida ambayo metali inapata kwa kuwa supakondakta, inayotokana na elektroni kuungana wawili wawili kama Bardeen, Cooper na Schrieffer walivyoeleza mwaka 1957, ni ndogo sana. Ndiyo maana uga mdogo unatosha kuvunja mkataba.

Hadithi ingeishia hapo, hatungekuwa na mashine za MRI. Lakini kuna aina ya pili ya supakondakta, nyingi zikiwa mchanganyiko wa metali, ambazo zina ujanja. Aliyezipima vizuri wa kwanza ni Lev Shubnikov huko Kharkiv, Ukraine, katikati ya miaka ya 1930. Alionyesha kwamba mchanganyiko huo huruhusu uga uingie kidogo kidogo huku ukiendelea kupitisha stima bila ukinzani, mpaka kwenye uga mkubwa zaidi kabisa. Mwaka 1937 alikamatwa na utawala wa Stalin akapigwa risasi. Kazi yake ikakaa pembeni miaka mingi. Kila nikisoma habari hii huwa najiuliza teknolojia hii ingetufikia lini kama angeachwa afanye kazi yake.

Aliyeeleza uga unaingiaje ni Alexei Abrikosov, katika makala ya mwaka 1957. Uga hauingii kama maji yanavyoloweka kitambaa. Unaingia kwa nyuzi nyembamba, na kuzunguka kila uzi mkondo unazunguka kama kisulisuli kile cha vumbi unachokiona Januari ukipita Kajiado. Katikati ya kisulisuli hali ya usupakondakta imekufa. Nje yake iko hai. Na jambo lililonifanya niwe mfuasi wa fizikia hii ni kwamba kila kisulisuli kina kiasi kile kile cha usumaku, 2.07 × 10⁻¹⁵ weba, bila kujali metali, wala umbo, wala nani aliyeitengeneza. Hakuna nusu, hakuna robo. Uga ukiongezeka, visulisuli havinenepi, vinaongezeka idadi. Ni namba kamili, kama mambo ya kompyuta. Mwaka 1967 Essmann na Träuble walivipiga picha kwa kunyunyizia chembe ndogo sana za kobalti, na vilikuwa vimejipanga kwa pembetatu kama mayai kwenye trei. Abrikosov alipata Nobel mwaka 2003.

Piga hesabu. Kwa uga wa tesla 1.5, milimita mraba moja ina visulisuli zaidi ya milioni 700, kila kimoja kikiwa nanomita 40 hivi kutoka kwa jirani yake. Waya una umati ndani yake.

Sasa tatizo. Ukipitisha mkondo kwenye waya wenye visulisuli, mkondo unavisukuma kando, kwa kani ile ile inayozungusha mota ya blenda. Kisulisuli kikisogea, volteji inazaliwa, joto linatokea, na ule mteremko mzuri wa stima bila ukinzani umekwisha. Kwa hiyo supakondakta ya aina ya pili iliyo safi kabisa, fuwele kamilifu isiyo na dosari, haifai kutengenezea sumaku. Visulisuli vingeteleza humo kama sabuni kwenye marumaru.

Dawa ni uchafu. Kisulisuli kinapenda kukaa mahali ambapo usupakondakta umekwisha kufa tayari, kwa sababu hapo hakilipi gharama ya kuuua. Basi waundaji wa waya huweka kasoro makusudi. Katika waya wa niobi na titani, ambao ndio unaotumika sana, metali huvutwa na kupashwa moto mara kwa mara mpaka vipande vidogo vya titani vinajitenga ndani yake, vyembamba sana, na kila kipande kinashika visulisuli kama mwiba unavyoshika kanzu. Waya bora ni ule uliochafuliwa kwa ustadi.

Nilitaka kuliona jambo hili kwa macho yangu, na kwa kuwa sina maabara, nikaandika kiprogramu. Visulisuli 400 ni nukta zinazosukumana, halafu naongeza miiba kiholela, halafu mkondo kidogo kidogo. Bila miiba, mkondo wowote ule, hata uwe mdogo namna gani, unazisogeza nukta zote. Ukiweka miiba, hakuna kinachotikisika mpaka ufike kiwango fulani, kisha nukta chache zinachomoka, zinapita kati ya wenzao kama pikipiki kwenye foleni ya Mombasa Road, na ghafla umati mzima unaanza kutiririka. Nilikaa nikitazama skrini hiyo usiku kucha. Sijawahi kufurahia msimbo wa mistari 120 kiasi hicho.

Niliingiaje katika mambo haya? Kwa kazi ya kawaida. Mwaka 2019 hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilinipa kandarasi ndogo: kusoma kiwango cha heli kwenye mashine ya MRI kila dakika 10, kukihifadhi, na kutuma SMS kikishuka chini ya mpaka. Fundi wa mashine ile, mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Mzee tu, alinizungusha siku ya kwanza. Aliniambia niache funguo na simu mezani.

"Si imezimwa, Mzee?" nikamuuliza, maana taa za chumba kile zilikuwa zimezimwa na hapakuwa na mgonjwa.

"Kijana, hii haizimwi. Iliwashwa siku ilipoletwa."

"Na stima ikipotea?"

"Hata stima ikipotea."

Alikuwa anasema kweli tupu. Sumaku ya MRI ya tesla 1.5 ni kilomita nyingi za waya wa niobi na titani ndani ya heli ya majimaji. Wakati wa kuifunga, mkondo wa mamia ya ampea huingizwa mara moja, kisha ncha za koili zinaunganishwa na waya ambao nao ni supakondakta, na chanzo cha stima kinaondolewa. Mkondo unaendelea kuzunguka peke yake mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hakuna cha kuupunguza. Stima ya ukutani inahitajika kwa kompyuta, kwa kupiga picha zenyewe, na kwa kikompresa kinachorudisha heli kwenye umajimaji. Sumaku yenyewe haina habari na bili.

Miezi michache baadaye stima iliruka vibaya na kile kikompresa kikaungua. Kipuri kilikuwa kinatoka nje ya nchi. Picha ziliendelea kupigwa, maana sumaku ilikuwa bado baridi, lakini heli ilianza kuvukiza na hakuna cha kuirudisha. Programu yangu ilianza kutuma SMS. Asilimia 60. Asilimia 57. Asilimia 53. Mzee aliandika barua ya kuomba heli siku ya pili. Barua ilihitaji sahihi tatu. Siku ya 19 asubuhi kulikuwa na sahihi mbili.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa maana ya uga kuua. Niobi na titani pasipo uga huvumilia mpaka kelvini 9 na ushee. Lakini waya wa MRI hauko pasipo uga. Umesimama ndani ya uga wake wenyewe, na umebeba mkondo mkubwa, na kila kimoja kati ya hivyo kinashusha mpaka wa joto. Vitu vitatu, joto na uga na mkondo, vinagawana bajeti moja. Uga na mkondo vilikuwa vimekwisha kutumia sehemu kubwa. Heli iliposhuka, sehemu ya juu ya koili ikapata joto kidogo tu, pengine sehemu ya kelvini, kipande kimoja cha waya kikavuka mpaka, kikawa na ukinzani, mkondo ukakipasha, kikapasha jirani yake. Nishati yote iliyohifadhiwa katika uga, megajuli kadhaa, ikageuka joto kwa muda wa nusu dakika. Lita moja ya heli ya majimaji ikiwa gesi ya kawaida inajaza zaidi ya lita 700. Ilitoka kwenye bomba la paa kwa sauti ambayo watu wa kituo cha mabasi walidhani ni boila imepasuka.

Hakuna aliyeumia, bomba lilifanya kazi yake. Lakini orodha ya siku hiyo ilikuwa na wagonjwa 14. Nilikuwa kwenye ujia nikichomoa data zangu, nikamsikia muuguzi akimweleza mama mmoja aliyetoka Kitui na mtoto wa miaka tisa mwenye kifafa kwamba arudi nyumbani asubiri simu. Mama akauliza kwa upole, "Lakini mashine si naiona pale?" Ilikuwa pale kweli. Ilikuwa gamba la tani kadhaa lisilo na sumaku. Ilichukua wiki 6 kuipoza na kuijaza tena. Sijui yule mtoto alipigwa picha wapi. Data ninayo, siku 19 za mstari unaoteremka, na hadi leo sijawahi kuona grafu nyepesi kusoma kama ile.

Basi huo ndio upande wa kwanza, ambapo uga ni adui anayezuiwa kwa miiba. Upande wa pili ni wa elektroni zilizofungiwa kwenye tabaka.

Mwaka 1879 mwanafunzi wa Marekani aitwaye Edwin Hall alipitisha mkondo kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, akaweka uga wa sumaku unaoipenya, akapata volteji ndogo kando, pembeni mwa njia ya mkondo. Uga unazipindisha elektroni upande mmoja, zinarundikana, volteji inatokea. Ukigawanya volteji hiyo kwa mkondo unapata kitu chenye vipimo vya ukinzani, na kinapanda taratibu na kwa unyoofu kadiri uga unavyopanda. Kihisio kilicho kwenye simu yako kinachojua kama kifuniko kimefungwa huwa mara nyingi kinatumia jambo hili.

Karne moja ikapita. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1980, saa nane hivi, Klaus von Klitzing alikuwa Grenoble, Ufaransa, kwenye maabara ya nyuga kubwa, akipima transista ya silikoni kwenye kelvini 1.5 na uga wa karibu tesla 18. Haikuwa transista ya ajabu. Ilikuwa MOSFET, ndugu wa zile zilizomo kwa mabilioni ndani ya tarakilishi unayotumia kusoma maneno haya. Ndani ya MOSFET elektroni hubanwa mpakani mwa silikoni na oksidi yake, kwenye tabaka la nanomita chache. Zinaweza kwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia. Juu na chini haziwezi. Ni elektroni za vipimo viwili, kama watu wanaoishi kwenye karatasi.

Mstari wa Hall, badala ya kupanda kwa unyoofu, ulipanda kwa ngazi. Ngazi tambarare kabisa. Na urefu wa ngazi hizo ulikuwa omu 25,812.807 ikigawanywa kwa namba kamili: kwa 2, kwa 4, na kadhalika. Namba hiyo ni kima cha Planck kikigawanywa kwa mraba wa chaji ya elektroni. Haina silikoni ndani yake. Haina urefu wa transista, wala upana, wala jina la kiwanda. Von Klitzing alipata Nobel mwaka 1985, na mimi nadhani hata wangempa usiku ule ule isingekuwa mapema.

Uga unafanya nini hapa? Unailazimisha kila elektroni izunguke duara, na fizikia ya kwantamu inaruhusu maduara ya nishati fulani tu, yenye mapengo katikati. Kila orofa ya nishati ina nafasi zenye idadi maalum: nafasi moja kwa kila 4.14 × 10⁻¹⁵ weba ya usumaku inayopenya tabaka. Iangalie namba hiyo tena. Ni mara mbili kamili ya ile ya kisulisuli. Kwenye supakondakta elektroni hutembea wawili wawili, hivyo kipimo cha usumaku kinagawanywa kwa mbili; huku kila moja iko peke yake. Nilipoiona mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti.

Lakini mapengo peke yake hayatoshi kuleta ngazi tambarare. Katika tabaka safi kabisa, uga ukibadilika kidogo tu, hesabu ya elektroni kwa nafasi inabadilika, na mstari wa Hall unarudi kuwa mnyoofu kama ule wa 1879. Hapa ndipo uchafu unaporudi.

Tabaka halisi lina chembe ngeni, na kila chembe ni kilima au bonde dogo la nishati. Chini ya uga mkubwa, elektroni haipandi kilima wala haishuki. Inatembea kwenye mstari wa kimo kimoja, kama mtu anayefuata tuta la shamba huko Machakos. Tuta likizunguka kilima na kujifunga, anayelifuata atazunguka mpaka kesho na hatafika popote. Elektroni hizo zimenaswa, hazibebi mkondo wowote. Matuta yanayokwenda safari nzima ni yale ya ukingoni mwa sampuli. Uga ukibadilika, elektroni zinaongezeka au kupungua vilimani, kwa wale walionaswa, ambao hawana sauti. Walio ukingoni hawahisi kitu. Ngazi inabaki tambarare kwa sababu uchafu umemeza mabadiliko yote.

Nimetumia miaka 15 kutafuta hitilafu ndani ya programu za watu, na imeniuma kidogo kukubali kwamba kipimo sahihi kuliko vyote vya ukinzani kinategemea hitilafu zilizotapakaa bila mpango. Huwezi hata kuuliza ziko wapi. Haijalishi ziko wapi.

Tahadhari, usije ukaenda kumwambia mtu kwamba uchafu mwingi ndio bora. Daniel Tsui, Horst Störmer na Arthur Gossard walipochukua tabaka safi zaidi, la galiamu asenaidi, walipata mwaka 1982 ngazi mpya mahali pa thuluthi moja, ambapo hesabu ya elektroni moja moja haina orofa yoyote. Robert Laughlin alieleza mwaka 1983 kwamba elektroni zimejipanga kwa pamoja kama kimiminika cha aina yake, na ndani yake hutokea vijichaji vya thuluthi ya elektroni. Mwaka 1997 maabara za Israeli na Ufaransa zilivipima kweli. Jambo hilo halionekani kwenye tabaka chafu. Uchafu unavunja mazungumzo kati ya elektroni kabla hayajaanza. Kwa hiyo kuna kiasi, na kiasi hicho kinategemea unatafuta nini.

Tabaka la aina hiyo halikubaki maabarani. Takashi Mimura wa Fujitsu alilitengenezea transista mwishoni mwa miaka ya 1970, na vizazi vyake ndivyo vilivyokaa kwenye vile vichwa vya plastiki mbele ya madishi ya setilaiti. Panda juu ya ghorofa yoyote pale Pipeline utaona mamia ya tabaka za elektroni za vipimo viwili zikiwa zinapigwa na jua, zikisubiri mpira uanze.

Tarehe 20 Mei 2019 vipimo vya dunia vilibadilishwa. Kima cha Planck na chaji ya elektroni vikapewa thamani kamili, zisizo na makosa, na kwa hiyo ile namba 25,812.807 na mkia wake wote ikawa kamili pia. Omu sasa inapatikana popote ambapo mtu ana tabaka la elektroni, baridi na sumaku. Kilo nayo, iliyokuwa silinda ya metali karibu na Paris, sasa inapatikana kwa mizani inayotumia stima, na ukinzani wake unasahihishwa kwa ngazi za Hall. Na uga unaohitajika kuzipata ngazi hizo hutengenezwa kwa kawaida na nini? Na koili ya niobi na titani, iliyojaa visulisuli vilivyonaswa kwenye titani. Uchafu mmoja unashikilia uga, uchafu wa pili unashikilia namba.

Pande hizi mbili hukutana pia mahali pamoja. Chukua supakondakta uifanye nyembamba mno, atomi chache tu, nayo inakuwa ya vipimo viwili. Mwaka 1990 Hebard na Paalanen walionyesha kwamba utando wa namna hiyo wa oksidi ya indi, ukiwekewa uga, hauwi metali ya kawaida kama risasi ya Onnes. Unaruka kutoka kupitisha bure mpaka kuwa kihami, kinachozuia stima. Hapo inasemekana wanaotembea si elektroni tena bali visulisuli vyenyewe, na majozi ya elektroni ndiyo yaliyonaswa. Miiba imebadilisha mfungwa.

Na siku hizi uga hauonekani tena kuwa adui wa kudumu. Mwaka 2005 kundi la Grenoble lilionyesha kwamba madini ya urani, rodi na gerimani yanapoteza usupakondakta kwenye tesla 2, halafu yanaupata tena kati ya tesla 8 na 13. Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero huko MIT lilipanga tabaka mbili za grafini, kaboni yenye unene wa atomi moja, kwa pembe ya digrii 1.1, na zikawa supakondakta kwenye kelvini 1.7. Walipoongeza tabaka la tatu, mwaka 2021, hali ile ilivumilia uga wa zaidi ya tesla 10 uliolala sambamba na tabaka, mara mbili au tatu ya kile ambacho hesabu za kawaida za majozi zinaruhusu. Vitabu nilivyosoma havikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Kile kiprogramu changu hakifiki huko, lakini nakijaribu kwenye utando mwembamba. Kwa visulisuli 400 mashine yangu inachukua dakika 3. Kwa 4,000 inachukua saa tano, kwa sababu kila kimoja kinasukumana na kila kingine. Nimeanza kuigawa karatasi katika visanduku ili kila kisulisuli kiulize majirani wake wa karibu tu, na ikikubali nitauweka msimbo wote hapa, pamoja na miiba yake.